Makombe Mabaya ya Mama Georgette

Mama Georgette hajawahi kuona bahari, na usimwonee huruma kwa hilo, maana sakafu ya bahari ya barafu anaijua kuliko wengi wanaosafiri juu yake. Huu mwaka wa sita anaketi dirishani mwa maabara moja ndogo hapa mtaa wa Makiso, Kisangani, jicho kwenye hadubini, brashi nyembamba mkononi, akiokota makombe madogo kuliko punje ya chumvi. Brashi huilowesha kwa ulimi. Wakubwa walimkataza, wakachoka.

Mchanga wenye makombe hayo hutumwa na Timothée. Alikuwa mwanafunzi wa maabara hiyo hiyo, na Mama Georgette ndiye aliyemfundisha kutuliza mkono. Siku hizi ni mtafiti kule Norwe. Meli yao hutoboa sakafu ya bahari karibu na ncha ya dunia na kutoa nguzo ndefu za matope, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na enzi yake. Matope yakioshwa hubaki mchanga, na ndani yake makombe ya vijidudu vilivyokufa zamani sana. Timothée huutia katika vichupa na kuutuma Kisangani kwa sababu, kama anavyopenda kusema, mashine ya kumshinda Mama Georgette bado haijazaliwa. Agizo lake ni fupi: makombe safi yatengwe, yanayobaki yarudi chupani, kisha vyote virudishwe Norwe.

Ustadi huo aliupata kwenye depo ya kahawa. Alifika mjini kutoka Yanonge akiwa na miaka kumi na minane, akakaa miaka ishirini kwenye meza ndefu ya wachambuaji, akitupa sakafuni punje nyeusi na zenye madoa. Sheria ya pale ilikuwa moja: punje mbovu moja ikibaki, gunia zima linanuka. Msimamizi alimsifu kuliko wenzake wote, na yeye alipenda kusifiwa. Tuseme ukweli, bado anapenda. Depo ilipofungwa alikuja maabara kufagia, na haikuchukua muda wakagundua kwamba wamempa kazi isiyo yake.

Mwezi wa nne Timothée alipiga simu ya video. Alikuwa ameacha kutafuta joto la bahari ya zamani kwa yale makombe safi, sasa anatafuta gesi. Chini ya matope yale kuna methani, alieleza, ile ile inayotoa mapovu ukichoma kasia kwenye kinamasi cha kwenu Yanonge. Ikipanda huacha alama yake: makombe yaliyozikwa humo huota ganda la pili, gumu, la manjano, kama yamepakwa sukari. Ukiyakuta katika tabaka, unajua gesi ilipenya hapo zamani, na unaweza kuanza kuuliza ni lini na kwa nini. Yeye na wenzake walikuwa wamefungua tena vichupa vyote vya nguzo moja, na hawakuona hata kombe moja la namna hiyo. Basi wataandika kwamba mahali pale hapana dalili ya gesi. Makala inakwenda Ijumaa.

Mama Georgette alimwambia ni vizuri, akamuuliza kama anakula, akakata simu. Kisha akakaa na mikono mapajani, kazi imemshinda.

Alikuwa ameyaona yale makombe ya sukari. Aliyakumbuka vizuri mno, manene, ya manjano, yanakera macho. Safi aliyatenga, yaliyovunjika aliyarudisha chupani kama alivyoagizwa. Lakini yale ya manjano, kama punje zenye madoa, mkono ulikataa kuyarudisha kati ya wenzao. Aliyasukuma ukingoni mwa sahani, akayapuliza. Na alifanya hivyo kwa mapenzi, asimpelekee mtoto wa watu uchafu.

Jirani yake Delphine, ambaye walichambua kahawa pamoja, alimsikiliza huku akitwanga pondu, majani ya muhogo, akampa shauri la haraka: anyamaze. Nani atajua? Hana shule, na akikiri kosa watatafuta mwenye diploma. Mama Georgette aliona Delphine hakukosea, na aliogopa. Bila ile hadubini hakujua angekuwa nani. Lakini Timothée angeandika jambo lisilo kweli, aweke jina lake, na watu walisome wakiamini. Hilo lilimuuma kuliko aibu.

Alhamisi asubuhi alipanda toleka, akamhimiza mwenye baiskeli akanyage kwa nguvu, na alipofika maabara alipiga simu kabla hata ya kukaa.

"Papa Timo," alisema, "ile makombe ya sukari ilikuwako. Mimi njo niliitupa."

Alimweleza habari za kahawa na gunia linalonuka, bila kujitetea sana. Timothée aliuliza jambo moja tu, ni tabaka zipi. Alizikumbuka, kwa kuwa tabaka moja humchukua siku moja, na hizo zilimchukua wiki nzima, makombe safi yalikuwa haba: ya sitini na mbili, ya sitini na tatu, ya sitini na nne. Timothée aliandika. Akasema makala haitakwenda. Akasema pia kwamba kila nguzo hupasuliwa kati, na nusu ya pili bado imehifadhiwa kwenye baridi, haijaguswa. Wataiosha na kutuma.

Mama Georgette alimwomba mchanga huo ampe mtu mwingine auchambue.

"Nani mwingine, Mama?" alisema Timothée. "Donc nitaamini nani, kama haiko mutu mwenye alijisemea kosa yake?"

Vichupa vitatu vilifika mwezi wa saba. Safari hii agizo lilikuwa kinyume: okota mabaya. Kombe la kwanza lilikuwa pale pale mbele yake, nene, la manjano, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote ile, ulilisukuma ukingoni wenyewe. Alicheka peke yake, machozi yakamtoka. Akalivuta tena taratibu, akalitazama kwa muda mrefu kama anayeomba radhi, kisha akaliweka katikati ya sahani, mahali pa mazuri.