Tamthilia za Kichina zilinipa neno moja, nikaenda kulitumia kwa wageni wa bosi

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Hili ninaloleta leo sikusimuliwa na mtu. Limenikuta mwenyewe hapa hapa Karatu na mashahidi ninao, gereji nzima. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Kwanza nijitambulishe vizuri. Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kichina. Ndiyo, mtu mzima, Mchaga wa Rombo, ndevu zimejaa, dereva wa magari ya utalii. Jioni nakaa na mama watoto tunamlilia binti wa watu aliyesingiziwa kumtilia sumu mke mkubwa wa mfalme. Wale wa Kikorea najua mnakuja kunishambulia. Karibuni, ila nimalize kwanza.

Maoni yangu ni haya, na sirudi nyuma.

Zile za ikulu ya kale ndizo zenyewe. Zinaanza taratibu mno, episode kumi za mwanzo watu wanakunywa chai tu. Lakini ukishakaa nazo unagundua kule chai haijawahi kuwa chai. Mtu akikaribishwa kikombe na kutabasamuliwa, ujue amekwisha. Mama watoto huwa anapiga kelele kabisa, "Usinywe wewe, usinywe!" Na yule anakunywa.

Zile za kisasa za bosi kijana tajiri zinanichosha. Yule bwana ana kampuni ghorofa arobaini, lakini sijawahi kumwona akifanya kazi hata dakika moja. Kazi yake kumshika binti mkono na kumvuta. Halafu binti anajikwaa, anadakwa, wanazunguka huku muziki unapigwa. Kila binti kule hana miguu imara, sijui kwa nini.

Ila kwenye kulia nawapa maua yao. Chozi linatoka jicho moja kwanza, la pili linasubiri zamu.

Komedi nazo zina mambo. Zile za mjini wanaweka milio ya katuni kila mtu akigeuza shingo, na utani wenyewe uko kwenye maneno, ukitafsiriwa unakufa. Lakini tafuteni zile za kijijini. Mama mkwe anagombana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, mzee wa nyumba anajifanya mgonjwa ili asiitwe kwenye kikao. Rafiki yangu Tluway, fundi wetu pale gereji, mtu wa Mbulu, aliangalia moja akaniambia, "Hawa si Wachina. Hawa ni wajomba zangu."

Jambo moja la muhimu: msiangalie zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mfalme anaongea kama mwenyekiti wa mtaa anayekumbusha usafi wa Jumamosi. Mimi naangalia na sauti zao wenyewe, chini maandishi ya Kiingereza.

Na hapo ndipo mkosi ulipoanzia.

Ukiangalia miaka mingi hivyo, maneno yanakuingia bila kutaka. Kwenye zile za ikulu wanaoongea zaidi ni wanawake, mfalme mwenyewe ananuna tu. Na kila mwanamke akifungua mdomo anaanza na neno kama "chenchie". Chenchie hivi, chenchie vile. Chini panaandikwa "I". Nikajua basi, "chenchie" ni "mimi". Nani angejua vingine?

Sasa sikilizeni hali yangu ya kazi wakati huo.

Nilikuwa deiwaka. Mnawajua deiwaka wa daladala, na kwenye utalii tupo. Dereva mwenye gari akiumwa au akipata dharura, unaitwa. Asipoumwa, unakaa. Kila jioni mama watoto alikuwa ananipigia pasi shati la kaki, asubuhi nalivaa, saa nne nalivua bila kutoka getini. Mwanaume mwenzangu, kuvua shati safi ambalo mkeo amelipigia pasi ni jambo linaloumiza.  Mama watoto alikuwa analikunja tu na kulirudisha.

Bosi wetu, Mama Glory, mama wa Kimachame, mkali lakini wa haki, alikuwa ameleta gari jipya ambalo halijapata dereva. Kila deiwaka Karatu alikuwa analiota.

Siku hiyo guide wetu anayejua Kichina alipata msiba kwao, na wageni wa Kichina walikuwa wameshafika lodge. Mama Glory akaja gereji amechanganyikiwa.

"Nani hapa anajua Kichina?"

Tluway, akiwa chini ya gari, akatoa kichwa. "Prosper anajua. Kila siku anashinda na hao watu kwenye simu."

Bosi akanigeukia. "Kweli we Prosper?"

Wakuu, niliona shati langu la kaki.

"Najua kidogo kidogo, bosi."

"Shikamana nao siku mbili. Wakirudi na furaha, gari jipya ni lako. Wakirudi wamenuna, usinijie hapa tena kuuliza kazi."

Wageni walikuwa watatu, familia moja. Bibi mmoja mfupi, nywele nyeupe zote, anatembea wima. Mwanawe, bwana wa makamo mwenye kamera kubwa. Na mkwe wa bibi, mke wa huyo bwana, ambaye Kiingereza kilikuwepo cha kuombea maji.

Nikajipanga mbele ya gari pale lodge. Nilitaka kuonyesha kwamba huyu si dereva wa kubahatisha. Nikaweka mikono miwili kiunoni upande wa kushoto, nikakunja magoti kidogo, nikainamisha kichwa kama ninavyoona kila jioni, nikatamka kwa sauti tamu:

"Chenchie Prosper."



Yule bwana akashusha kamera. Mkewe akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Bibi akacheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Alicheka akakohoa, akacheka tena, akanipiga piga mkono kama mjukuu wake.

Mimi nikajua nimepatia. Nikasema moyoni, mama watoto leo analala mke wa dereva mwenye gari.

Tukapanda kuelekea getini, tukashuka Crater ya Ngorongoro. Njia nzima wananiita "nyangnyang". Nyangnyang, simamisha, tumeona tembo. Nyangnyang, maji. Na neno hilo nalijua! Kwenye tamthilia likitamkwa, chini panaandikwa "Your Highness". Nikakaa sawa kwenye usukani. Nimewaendesha Wazungu miaka, hakuna aliyewahi kuniita Mtukufu. Nikawaonyesha faru kwa bidii ambayo hata mimi ilinishangaza.

Ikafika muda wa chakula kando ya bwawa la viboko. Yule mke wa bwana akanisogelea, nadhani huruma ilikuwa imemshika. Akaongea Kichina kwenye simu yake, akanigeuzia kioo nisome tafsiri ya Kiswahili.

"Hilo neno wanawake wa mfalme wanajitajia wenyewe. Suria."

Nikasoma tena.

Mimi ni mtu wa kanisani. Suria namjua tangu mafundisho ya kipaimara, kwenye habari za mfalme Sulemani na wale masuria wake mia tatu. Kumbe mimi, na ndevu zangu, nimekunja magoti asubuhi kweupe nimejitambulisha kuwa mke mdogo wa mfalme. Na "nyangnyang" ni jina la kumwitia huyo huyo mwanamke. Siku nzima naendesha gari naitwa Bibie, naitikia kwa kujidai.

Tena, mkewe akaniambia, yule bwana alikuwa amerekodi video. Ameshaituma kwenye kundi la familia yao, na nakala kwa bosi kumshukuru.

Mkuu, viboko walikuwa wanapiga miayo pale, nilitamani nijiunge nao.

Mchana uliobaki niliongea Kiingereza tu, tena kifupi. Lion. Zebra. Toilet. Niliona aibu na hasira pamoja, na zaidi ya yote nilikuwa naiona sura ya Mama Glory akiangalia ile video. Gari nimelikosa. Kurudi kuuliza kazi nako nimekatazwa. Jioni mama watoto akauliza vipi, nikamwambia salama. Akapiga pasi shati.

Kesho yake tukapita upande wa Olbalbal, wageni walitaka kuona maisha ya wafugaji. Kule chini ni pakavu, vumbi jeupe, mifugo inatembezwa mbali kufuata maji. Njiani bibi akaniambia kupitia simu ya mkwewe: anataka neno la heshima la kusalimia watu wa hapa. Lile la heshima hasa, siyo jambo jambo la kwenye fulana.

Nikamwambia, "Shikamoo." Akalirudia njia nzima. Shi-ka-mo. Shi-ka-mo.

Tukasimama kwenye boma moja ambapo huwa tunapokelewa. Dada mmoja wa Kimasai, bado binti kabisa, alikuwa ndiyo anafika na punda wake wawili wamebeba madumu ya maji. Kabla sijafungua mlango vizuri bibi ameshatangulia. Akasimama mbele ya yule dada, akainama mpaka chini, nywele zake nyeupe zikaonekana zote.

"Shikamoo!"

Yule dada akaachia kamba ya punda.

Akaweka mkono mdomoni, akaniangalia mimi kwa hofu. "Kaka, huyu bibi nimemkosea nini? Anisalimie mimi? Anataka niitikie, nipate laana?"

Hapo ndipo nilipogundua. Sikumwambia bibi kwamba shikamoo mdogo ndiye anampa mkubwa. Na sikumwambia kwa sababu sisi hatuambiwi, tunazaliwa nayo. Nani kwenu aliwahi kukaa chini afundishwe hilo?

Nikamweleza yule dada kwa Kiswahili kwamba bibi ni mgeni, amebeba neno bila kujua linakaa wapi. Nikachukua simu nikamweleza bibi: wewe ni mkubwa, ukimwambia mtoto shikamoo umemwambia naishika miguu yako. Akasoma. Akaniangalia. Akaanza kucheka polepole, akajigusa kifuani, akanigusa na mimi kifuani, akasema neno ambalo mkwewe alilitafsiri kwa Kiingereza chake:

"You, me, same same."

Wakuu, ile aibu yangu ya Crater iliniishia pale pale. Nilicheka hadi machozi, na yalitoka macho yote mawili kwa pamoja.

Yule dada akamalizia mwenyewe kwa desturi ya kwao. Akasogea, akainamisha kichwa mbele ya bibi. Nikamwambia bibi aweke kiganja juu ya kichwa chake. Akaweka. Akakaa hivyo muda, hakutaka kukitoa. Mwanawe alikuwa na kamera mkononi na hakupiga picha.

Njia ya kurudi Karatu bibi aliuliza maswali mengi kuhusu shikamoo. Anayezidi kwa miaka michache je? Tajiri kwa maskini je? Bosi kwa mfanyakazi? Nikamwambia hakuna cheo, ni umri tu. Hilo lilimfurahisha sana, sijui kwa nini, labda naye ameangalia zile za ikulu nyingi.

Tukafika ofisini, pale pale kwenye gereji. Mama Glory amesimama mlangoni, simu mkononi, uso haujulikani. Mimi nikashuka nikasimama kando ya gari.

Sasa muelewe kitu. Mama Glory hapa Karatu ni mtu wa kupewa shikamoo. Anapewa na madereva, na mafundi, na watu wanaolingana naye umri kwa sababu ya ukali tu. Na wageni huwa anawaambia "Welcome, welcome", basi.

Bibi akamwendea. Hakuinama. Akasimama wima mbele yake, mikono nyuma, akainua kidevu kidogo, akasubiri.

Bosi akasema, "Welcome."

Bibi akatikisa kichwa. Akasubiri.

Gereji nzima ikaacha kazi. Mama Glory akamwangalia yule bibi, zile nywele, akaniangalia mimi, akamrudia bibi. Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya binti aliyetumwa dukani:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" akajibu bibi kwa nguvu zote, na akambusu shavuni.

Walipoondoka bosi aliniita ndani. Nikaingia nimeshajiandaa kwa lolote. Akaiweka simu mezani, video yangu imesimama pale pale nilipokunja magoti.

"Hapa ulisema wewe ni nani?"

"Mke mdogo wa mfalme, bosi. Sikujua."

Akafunika mdomo kwa kanga. Ilimchukua muda kurudi kwenye ubosi wake. Akavuta droo, akatoa funguo, akazisukuma upande wangu bila kuniangalia. "Nenda kajifunze Kichina cha wanaume."

Nilimpigia mama watoto nikiwa ndani ya gari. Nikamwambia shati la kesho alipige pasi vizuri, linatoka. Nikasikia anapenga kamasi.

Nilichojifunza: neno la heshima usilibebe kwa masikio tu. Uliza nani analisema kwa nani. Na tamthilia za Kichina endeleeni kuangalia, sijaziacha, nimeongeza na za vita ili nisikie wanaume wanajiitaje.

Uwanja wenu sasa wakuu. Aliyewahi kuponzwa na neno la wenyewe alimwage hapa, na mwenye komedi nzuri ya kijijini aitaje, Tluway anaomba.

Na mkipita Karatu mkaona gari jipya la kijani, msiulize Prosper, hapa hakuna anayemjua tena. Ulizeni gari la Bi Mdogo.