Mahakama Ilisema Arudi, na Amerudi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, 'Mapuleng Khoaele ameshapachika zipu kwenye suruali ishirini na sita za jinzi. Anavuta kitambaa kwa mkono wa kushoto, anakanyaga pedali, anakata uzi, anasukuma suruali kwa jirani. Amevaa glavu zilizokatwa ncha za vidole, maana mwezi huu wa Julai baridi ya Maseru hulala ndani ya mabati ya kiwanda na haiamki hadi saa nne.

Lengo ni suruali themanini kwa saa. Tangu Alhamisi hajalifikia, na kila siku msimamizi wa laini ameandika jina lake ubaoni.

"Leo tena utaandikwa," 'Malineo, anayekaa cherehani ya jirani, anamwambia bila kuinua macho. "Akili umeiacha nyumbani kwa mgonjwa."

"Iko mahakamani."

"Huko nako umeandikwa."

Wanacheka kwa pua, kisha kelele za mashine zinawafunika.

'Mapuleng ana miaka arobaini na minne. Kumi na saba kati ya hiyo ameimalizia kwenye viwanda vya nguo, na mshahara wake leo haufiki maloti elfu tatu kwa mwezi. Kwa fedha hiyo amemsomesha binti yake, Puleng, na amejenga nyumba ya vyumba viwili vya matofali ya saruji. Kati ya chumba cha kwanza na cha pili ilipita miaka sita. Hati ya kiwanja ina majina mawili: lake na la mumewe, Tseko.

Tseko alivuka mpaka kwenda migodini Puleng akiwa na miaka mitatu. Mwanzoni alituma fedha. Baadaye alituma salamu. Kisha hakutuma kitu, na watu waliotoka Welkom, mji wa migodi hiyo, wakaleta habari kwamba anaishi na mwanamke mwingine.

"Hatukugombana," anasema 'Mapuleng. "Angenipiga ningekuwa na la kuwaeleza watu. Aliisha tu, kama sabuni."

Kwa miaka mingi hakuhangaika na talaka. Ilikuwa gharama, na mtu mwenyewe hayupo. Kilichomshtua ni habari ya mwaka juzi kwamba Tseko anaumwa kifua, kile kifua cha vumbi la mgodini ambacho hakiponi. Mume akifa, mke huvaa nguo nyeusi, na ndugu wa marehemu hukaa kikao juu ya alichoacha. Tseko angeacha nini, kama si nusu ya nyumba ambayo hajawahi kulala ndani yake?

"Niliona nitamvalia nyeusi mtu aliyenisahau," anasema, "halafu kaka zake waje kupima vyumba vyangu kwa hatua."

Chama cha wafanyakazi kilimpeleka kwa wakili Limpho Ramatla, ambaye hupokea kesi za wanawake wa viwandani na kukubali kulipwa kidogokidogo. Wakili alimpigia Tseko simu. Tseko hakubisha hata neno. Alitia saini kwamba hapingi talaka na kwamba, ikitoka, nyumba ni ya 'Mapuleng peke yake.

Talaka isiyopingwa, wakili alimweleza, ni kazi ya karatasi kuliko maneno. Lakini sababu yao ilikuwa kutelekezwa, na hapo sheria ina hatua moja ambayo wengi hawaijui. Jaji havunji ndoa siku hiyohiyo. Kwanza humwamuru aliyeondoka arudi nyumbani kufikia tarehe fulani. Asiporudi, mwenzake huapa kwa maandishi kwamba hakurudi, na ndipo talaka hutolewa.

"Nilimuuliza, je, akirudi?" anakumbuka 'Mapuleng. "Akasema, mama, nimefanya kesi hizi miaka kumi na mmoja. Hawarudi."

Amri ilitoka mwezi Juni. Tseko alipewa hadi Ijumaa, tarehe kumi na moja Julai. Jumatano, tarehe tisa, alirudi.

Kwa usahihi, aliletwa. 'Mapuleng alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini alipoona pikapu ya Sello, kaka mkubwa wa Tseko, imesimama getini. Nyuma, juu ya godoro, kulikuwa na mtu aliyefunikwa blanketi hadi kidevuni.

"Nilimtambua kwa masikio yake," anasema. "Vingine vyote vilikuwa vimekwisha."

Sello alishuka na kuvua kofia kwa heshima.

"Shemeji, mahakama imesema arudi nyumbani. Sisi ni watu wa kutii serikali. Tumemrudisha."

"Kwake ni Welkom, kwa yule mwanamke."

"Yule si mkewe. Mkewe ni wewe. Jaji mwenyewe kaandika."

"Karatasi hiyo umeisoma yote?"

"Nimesoma panapotuhusu."

Puleng, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na saba, alitaka kufunga geti. Mama yake alibaki amesimama. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mlima, na blanketi lile lilikuwa linatetemeka. Mwishowe alimwambia binti yake ashike upande wa pili wa godoro. Kabla hawajafika mlangoni, Sello alikuwa ameshageuza gari.

"Hata mbwa wa jirani humwachi nje mwezi wa Julai," anasema 'Mapuleng. "Na huyu niliwahi kumpikia."

Kesho yake, mashineni, 'Malineo alimpa ushauri. "Mpakie kwenye teksi umrudishe kwa Sello. Ijumaa ipite hayuko kwako, uape, halafu ukitaka kumuuguza si umuuguze? Nani atakukataza?"

'Mapuleng anakiri kwamba aliliwaza jambo hilo Alhamisi nzima. Alipiga simu. Sello alimjibu kwamba yuko safarini Mokhotlong kwenye msiba, na nyumba yake ameifunga. Ijumaa ikapita, Tseko yumo kitandani mwa mkewe.

Jana, Jumatatu, wakili Limpho alimsikiliza hadi mwisho.

"Siwezi kuandika kwamba hakurudi, mama."

"Kwangu hakurudi. Amerudi kitandani."

"Basi tutaandika hivyo. Lakini jaji ndiye atakayeamua kama huko ni kurudi au si kurudi." Kisha akamwambia lililobaki, bila kulipamba. Kesi itasikilizwa tarehe nne Agosti. Tseko akifa kabla ya siku hiyo, hakuna talaka tena. Kuna mjane.

Leo saa kumi na moja jioni, wakili amefika nyumbani mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa hawezi kupanda gari. Ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, karatasi magotini. Chumba kinanuka mafuta ya taa na uji wa mtama. Zinahitajika hati mbili za kiapo, ya mke na ya mume.

"Analala wapi?" anauliza wakili.

"Mama, sema analala chini," Puleng anadakia. "Ukisema kitandani wataelewa vingine."

"Andika kitandani," anasema 'Mapuleng. "Mimi na mtoto tunalala chini, karibu na jiko. Sakafu ni saruji, kifua chake hakiiwezi. Andika hivyo hivyo."

Wakili anaandika. Kisha anasogeza ndoo karibu na kitanda.

"Ntate Tseko, ulikuja kuishi tena na mke wako?"

"Nililetwa." Tseko anapumzika. Sauti yake ni kama ya mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. "Sello aliniambia niseme nimekuja kwangu."

"Na hapa ni kwako?"

"Hata choo kiko upande gani sijui." Anajaribu kucheka, na kicheko kinageuka kikohozi kirefu. 'Mapuleng anamshika mgongoni na kumwegemeza begani mwake, uso akiwa ameuelekeza dirishani, hadi kikohozi kinapopita.

Kamishna wa viapo, atakayeshuhudia saini zao, amekubali kuja kesho saa sita mchana. 'Mapuleng ameomba ruhusa ya nusu siku, ambayo haina malipo. Talaka ikitoka, anasema, atakwenda ofisi ya ardhi, atoe jina la Tseko kwenye hati na kuweka la Puleng.

"Akifa baada ya tarehe nne nitamzika," anasema kwa sauti ya chini, ingawa chumba ni kidogo na mgonjwa anasikia. "Nitamzika kama mtu. Nyeusi sivai."

Wakili anauliza swali la sita. Tseko anafungua mdomo, lakini hewa haitoshi. Wanangoja. Wakili anafunika kalamu.

"Anaongea vizuri saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla sijaenda kazini."

"Basi nitakuja saa kumi na mbili kasorobo."

Gari la wakili linaondoka. Tseko anagusa mkono wa 'Mapuleng kwa ncha za vidole.

"Tumefika wapi?"

"Namba sita," anamjibu, akimwekea mto wa pili ili apate kupumua. "Ziko kumi na moja. Lala, kesho tunaendelea."