Siku Niliposahihisha Tovuti kwa Kalamu Nyekundu

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikuazima kwa mtu, kwa hiyo naisimulia kwa raha zangu. Miaka ile wakimbizi wa Burundi wamejaa kambini, mimi nilikuwa Ngara mjini nachapa barua za watu kwenye kompyuta (shule niliishia kidato cha pili, vidole ndivyo vilivyohitimu), basi Mwalimu Zuhura akaniomba niwe jaji wa shindano la shule. Timu mbili za wanafunzi zimetengeneza tovuti, moja ya kijiji cha Mugoma, moja ya kambini, na shule itakayoshinda inapewa kompyuta. Tovuti sijawahi kuiona hata moja. Ningesema tu ukweli. Nikasema, "Niachie mimi, mwalimu."

Sasa umeme ulikuwa wa jenereta, nikawaza, nikiangalia ya kwanza halafu mafuta yakaishia kwenye ya pili, si nitakuwa nimependelea? Ili haki itendeke nikaziprinti zote, karatasi sawa, wino sawa, nikakaa nyumbani na kalamu nyekundu. Mugoma wakatoka karatasi sita, migomba, kahawa, mpaka picha ya mto. Kambini karatasi moja, mchoro wa kambi na maneno, "Bonyeza mtaa wako." Nikabonyeza. Kwa kidole. Nikageuza na nyuma.

Siku ya matokeo ukumbi umefurika, nasoma kwa sauti nzito: "Kambini, kumi na mbili kwa mia. Kazi haijakamilika. Nimebonyeza, sijaona kitu."

Binti mmoja wa kambini, Spesioza, akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ulibonyeza wapi?"

Nikainua karatasi, na doa la kidole changu bado lipo.

Walicheka mpaka mabenchi yakalia, Mwalimu Zuhura kajifunika uso kwa mtandio. Aliyeniokoa ni kijana wa Mugoma: "Mwalimu, tukishinda hivi watatucheka mpaka kule Kibimba. Irudiwe."

Jenereta ikawashwa, tukaanza na ya Mugoma, halafu Spesioza akanishikisha mausi. Kila mtaa niliobonyeza ukafunguka: bomba liko wapi, zahanati wapi, shule wapi, ili mgeni aliyefika jana asipotee. Kumbe kazi yote ilikuwa ndani, mimi nimesahihisha mlango. Kambini wakashinda, Mugoma wakapiga makofi.

Baadaye wa kambini wakaniita nione walichoongeza. Pembeni pameandikwa, "Bonyeza umjue jaji wetu." Nikabonyeza, safari hii kwa mausi. Pakatokea maneno mawili mekundu: "Kazi haijakamilika."

Siku hizi nikiitwa kuhukumu chochote, hata ngoma, kwanza nauliza kinafunguliwa wapi.