Binamu wa Marehemu

Jumapili ya tarehe 9 Machi 2014 mwenzangu alifariki hospitalini, upande wa mashariki wa Toronto, baada ya miezi saba ya saratani ya kongosho. Saa zilikuwa zimesogezwa mbele alfajiri ile, kama ilivyo desturi ya huku kila Machi, nami nilisahau. Nilifika wodini nikidhani nimewahi, kumbe nimechelewa saa nzima. Muuguzi aliniambia ameondoka kwa utulivu. Kisha akachukua kalamu na kuniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikajibu, "Binamu."

Nilijibu bila kufikiri. Tulikuwa tumeishi pamoja mtaa wa Crescent Town miaka kumi na minane, na miaka yote hiyo tulikuwa mabinamu. Sisi ni Wagoa wa Afrika Mashariki, wenye asili ya Goa kule India. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Tanga, baba yake karani wa reli Mombasa. Huku, kanisani na kwenye sherehe zetu, kila Mgoa ni binamu wa Mgoa mwenzake na hakuna anayedai ushahidi, kwa hiyo uongo wetu haukuhitaji ufundi. Akina mama walituletea sambusa na kutuuliza tutaoa lini. "Huyu anapika vizuri mno, mama," mwenzangu aliwajibu. "Nikioa nitakonda." Wakacheka, nami nikacheka.

Tungeweza kufunga ndoa. Sheria iliruhusu tangu 2003, na nilimwomba mara mbili. Mara zote mbili alinijibu maneno yaleyale: "Serikali iliniandika mara moja, Mtanga. Sitaki kuandikwa tena."

Alikuwa amekuja Kanada mtoto, akakua, akawa askari wa mawasiliano jeshini. Mwaka 1984 walimwita kwenye chumba kisicho na dirisha, wakamhoji siku tatu, wakamfukuza kwa sababu alimpenda mwanamume mwenzake, askari wa kambi hiyohiyo. Kwenye karatasi ya kumwachisha kazi waliandika kwamba hana manufaa tena kwa jeshi. Neno hilo lilimganda. Akiunguza chapati alisema, "Unaona? Sina manufaa." Akipotea njia, vilevile. Alisema kwa mzaha, lakini hakuacha kusema.

Mwaka 2006 aliandika barua kuomba faili lake, na likaja kwenye bahasha nene. Yeye alisoma kurasa mbili akaenda kulala. Mimi nililisoma lote, wiki nzima, kamusi ikiwa pembeni, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Kila palipokuwa na jina la yule askari mwingine walikuwa wamepitisha wino mweusi. Nilipaswa kumwonea mwenzangu huruma, na huruma ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Wa kwanza ulikuwa wivu.

Jeshi lilikuwa limewaandika vizuri mno. Walikula wapi, walipanda treni gani, nani alicheka. Mpelelezi mmoja aliandika kwamba kwenye kituo cha basi mwenzangu alimfunga yule mwingine skafu shingoni, akaikaza, akaipigapiga kwa kiganja. Niliusoma mstari huo mpaka nikaujua kwa moyo. Mimi na yeye tulisubiri basi pamoja miaka na miaka, kwenye baridi ya kukata masikio, na hakunifunga skafu hata siku moja. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu kama mtu anayesubiri basi jingine. Nilijua sababu yake ni mstari uleule. Wivu haukutaka kujua sababu. Nilikuwa nikiweka kidole gumba juu ya kile kipande cheusi nikipima jina lina urefu gani.

Kwenye mazishi dada yake alinikalisha safu ya tatu, pamoja na mabinamu. Benchi la nyuma alikaa Mzungu mrefu mwenye fimbo, akalia kwa sauti kanisa zima likageuka. Nikajua ndiye yule askari mwingine. Mimi nilikuwa na macho makavu, maana binamu halii vile. Nje alinipa karatasi yenye namba ya simu, akasema nikihitaji chochote nipige. Niliitia kwenye droo chini ya betri kuukuu, nikaiacha huko miaka minne.

Siku serikali ilipoomba radhi kwa askari wote waliofukuzwa namna ile, nilikuwa kazini Malton, kwenye ghala la mizigo ya ndege, chumba cha chakula. Televisheni ilikuwa juu ya friji. Wenzangu walikuwa wanabishana juu ya zamu za Krismasi. Niliacha chakula changu kikapoa. Miezi michache baadaye nikasikia kwamba hata familia za waliokufa zinaweza kuomba faili lisahihishwe. Hospitalini, sauti yake ikiwa imebaki kidogo, mwenzangu alikuwa ameniambia, "Wakija kulifuta lile neno, usiliache likanizika." Hakuniomba kitu kingine.

Nikaenda kwenye ofisi inayowasaidia askari wa zamani. Mama mmoja mwenye miwani alinikaribisha kiti.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mume wake," nikasema. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, na sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

Alifungua karatasi zangu moja moja. "Hospitali imeandika binamu. Kwenye taarifa ya kifo ni binamu. Mkataba wa nyumba unasema unachangia chumba."

"Ndivyo tulivyokuwa tunasema."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

Alivua miwani. "Mimi nakuamini, baba. Lakini binamu hawezi kuomba. Nitafutie karatasi ambayo yeye mwenyewe alikuita mume, au mtu wa kuapa kwamba alimsikia akikuita hivyo."

Nilimpigia dada yake. Akasema, "Mwache kaka yangu apumzike," akakata. Karatasi sikuwa nayo hata moja. Tulikuwa tumejificha vizuri kupita kiasi. Nilikaa siku tatu nikiizunguka ile droo, ya nne nikaifungua.

Yule mwanamume aliishi North York, ghorofa ya tisa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya Kiingereza ndani ya basi. Alifungua mlango, akaegemea fimbo, akasema kwa Kiswahili, "Karibu, shemeji."

Nilitaka kurudi kwenye lifti. Mwenzangu alipokutana nami Kiswahili chake kilikuwa kimebaki maneno ya jikoni, ya yaya aliyemlea Mombasa. Mimi ndiye niliyemrudishia, neno kwa neno, kwenye meza yetu. Nilidhani ni kitu chetu wawili, hakuna mwingine anayekigusa.

"Nani alikufundisha hilo?" nikamuuliza kwa Kiingereza.

"Yeye, kwa simu. Alisema siku tukikutana nikuite hivyo. Alisema utakasirika."

"Nimekasirika."

"Alijua. Kaa, chai inachemka."

Chai yake ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Nilimweleza shida yangu nikiangalia kikombe. Aliingia chumbani akarudi na kopo la biskuti, na ndani ya kopo kulikuwa na kadi za Krismasi, moja ya kila mwaka. Ya 1996 mwenzangu aliandika kwamba amepata Mtanga mmoja anayekoroma kama trekta. Nyingine ilieleza pilau yangu. Nyingine, goti langu. Kisha akanipa ya 2003. Mwandiko ulikuwa uleule wa kuinamia kulia: "Mume wangu anataka tuoane. Naogopa karatasi, wewe unajua kwa nini. Lakini ni mume wangu, na ningependa mtu mmoja ajue."

Nilisoma mara tatu. Hicho ndicho nilichokuja kukitafuta, lakini sikufurahi. Neno nililolisubiri nyumbani kwangu miaka kumi na minane alikuwa amelibandika stempu na kulituma North York.

"Mimi hakuniambia," nikasema.

"Najua. Nilimgombeza."

Mwishowe nikauliza swali ambalo sikulipanga. "Ile skafu. Kituoni."

Alifikiri, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuwa na homa! Aliniambia nikifa yeye ndiye atakayesukumiwa zamu zangu zote, kwa hiyo nijifunike. Hiyo ndiyo waliyoiandika kuwa mapenzi." Akafuta macho. "Na yalikuwa mapenzi. Sitakudanganya."

"Usinidanganye."

Juma lililofuata tulikwenda pamoja kwa wakili. Aliapa kwamba alimsikia marehemu akiniita mume, kwa simu na kwa maandishi, mwaka hadi mwaka. Kadi alikuja nayo kwenye mfuko wa ndani wa koti. Wakili alipiga nakala ya kuambatanisha na kiapo, na kadi ikarudi mfukoni kabla sijanyoosha mkono.

Jibu lilikuja masika ya 2019. Ukurasa mmoja. Ulisema kwamba sababu iliyoandikwa mwaka ule haikuwa ya haki, na kwamba alilitumikia jeshi kwa heshima. Mwishoni waliandika kwamba ombi limeletwa na mwenzi wake, na jina langu likafuata, bila wino mweusi. Niliusoma kwa sauti jikoni. Neno "manufaa" halikuwamo. Kisha nikalitafuta jina la yule mwingine nione kama wameliweka na lenyewe. Halikuwepo, nami nikafurahi. Sina sababu ya kulificha hilo.

Nilikuwa nimemwahidi nakala. Nilikaa na ukurasa wiki mbili kabla ya kumpigia. Tulikutana kwenye duka la dawa karibu na kwake, penye mashine ya fotokopi, asubuhi ya Jumamosi.

"Wangu ulikuja mwezi uliopita," akasema. "Maneno yaleyale."

Hata katika kusafishwa walikwenda pamoja. "Nami nataka nakala ya kadi," nikasema.

"Ya 2003?"

"Ya 2003. Au unipe yenyewe, nawe ubaki na nakala."

"Hapana, shemeji. Hiyo aliniandikia mimi." Akanionyesha bahasha yangu kwa ncha ya fimbo. "Wewe utanipa huo ukurasa wenyewe?"

"Siwezi."

"Basi."

Nilifunua mashine, nikaweka ukurasa wangu kwenye kioo kwa mikono yangu, nikabonyeza, nikampa nakala ikiwa bado ya moto. Kisha ikaja zamu yake. Nilinyoosha mkono nimsaidie, maana fimbo ilikuwa inamsumbua. Aliiegemeza fimbo kwangu, akaitoa kadi mfukoni, akailaza kwenye kioo mwenyewe, akashusha kifuniko na kukikandamiza kwa kiganja.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza.