Kipa Aliyeacha Goli Wazi

Utotoni sikuwa namwamini mtu, na hata leo ukiniletea chai nitangoja kwanza uinywe wewe. Msinilaumu. Nilikulia Nairobi ya siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ambapo mtu akikohoa nyuma ya ua, mama alituziba midomo kwa kiganja. Niliowaamini walikuwa wawili tu, na wote wawili walikuwa makipa.

Wa kwanza alidakia timu ya Kitisuru, timu ya wapishi na watunza bustani wa mtaa ule wa wazungu. Alikuwa mtu wa pande za Kiambu, mrefu, mikono yake mipana kama sinia. Alikuwa mpinzani wetu lakini nilimpenda sana. Jumapili moja, baada ya msako mkubwa mjini, hakuja. Golini alisimama mtu mwingine na hakuna aliyeuliza. Nikabaki na mmoja.

Huyo alikuwa wetu, wa timu ya Woodley. Alitunza bustani nyumba ya tatu kutoka ile alimokuwa akipika baba, nasi tuliishi chumba cha watumishi kule nyuma. Alitoka magharibi kama sisi. Kwa kipa alikuwa mfupi, lakini akiruka, ah! Ungedhani kuna mtu juu amemvuta kwa kamba. Akishaudaka mpira anaubana kifuani, kisha ananikonyeza mimi niliyekaa nyuma ya goli. Baba ndiye alikuwa kapteni, na ndiye aliyepanga timu.

Basi, yule mtu akaanza kubadilika. Zamani kila jioni alikuja kwetu kunywa chai, akimtania mama mpaka mama anashika mbavu. Ghafla akaacha. Ukimkaribisha anasema ameshiba. Siku moja nilimwona njiani. Alipomwona mama anakuja na ndoo, akaruka ua wa michongoma. Michongoma! Mtu mzima na akili zake! Nikajiambia, huyu ana lake jambo. Siku zile askari walikuja na wasaliti waliofunikwa gunia kichwani. Wakikutikisia kichwa tu, umekwisha. Nani angeniambia huyu si mmoja wao? Nikaanza kumchunguza. Mara mbili nilimkuta akinong'ona na dada yangu mkubwa, aliyekuwa yaya pale jirani, na nilipokaribia wakajifanya wanazungumza habari za kabichi. Nani hunong'ona juu ya kabichi?

Ikafika Jumapili ya kucheza na Kitisuru kwenye uwanja wetu, chini ya barabara ya Ngong. Tulikuwa sare na mchezo ulikaribia kwisha. Mama hakuwa mtu wa mpira, alikuwa hajawahi hata kukanyaga pale, lakini siku hiyo tulikuwa tumepata wageni kutoka nyumbani na maji yalikuwa yamekwisha. Akaja mpaka nyuma ya goli akapaza sauti: "Wewe mtoto! Maji yatajiteka yenyewe?"

Kipa alishtuka kama aliyemwagiwa maji moto. Wakati huo mshambuliaji wa Kitisuru alikuwa ameshawapita mabeki wetu wote. Kipa wetu akashika kaptura yake kwa mikono miwili, akaivuta chini kufunika mapaja, akainamisha kichwa na kutoka golini mbio. Akaenda kujificha nyuma ya mti. Mpira ukaingia polepole, na kwa kuwa hatukuwa na nyavu, ukaja kusimama miguuni pa mama.

Uwanja ukawaka. "Ameuza mechi!" "Huyo amekula!" Walimtoa pale mtini wakimvuta shati. Baba akamwambia, "Sema kitu, nipate pa kukutetea." Yeye akatazama chini. "Kapteni, sina la kusema."

Na neno kama hilo halikuishia uwanjani. Lingefika kwa bwana wake, angefukuzwa kazi, na Mwafrika asiye na kazi Nairobi ile haikumtaka, alipakiwa akarudishwa kwao. Mimi nililia kwa hasira. Si nilijua!

Jioni baba hakuweza hata kukaa. "Namtoa kwenye timu. Na bwana wake akiniuliza, nitamwambia nilichokiona."

Mama alikuwa anasonga ugali. "Alitoka kabla sijaita, au baada?"

"Baada," nikasema mimi.

"Na akafunika mapaja?"

"Ee."

Mama akauacha mwiko ndani ya sufuria, akamgeukia dada, aliyekuwa anachambua mboga bila kuinua uso. Dada akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Baba watoto," mama akasema, "huyo hajauza kitu. Amenikimbia mimi. Anayenikimbia hivyo ameshaniona mama mkwe wake."

Kwetu mwanamume hasimami mbele ya mama wa mkewe, wakikutana njiani hupishana mbali, sembuse kujigaragaza mbele yake mapaja nje. Lakini posa haikuwa imeletwa, na baba hakuwa na habari. Kipa angejitetea pale, angemtangaza dada mbele ya wanaume wote wa barabara ya Ngong. Akaona afadhali aitwe msaliti. Baba aliposikia, weh! Alifoka mpaka majirani wakanyamaza. Kisha akakaa, akala ugali wake bila mboga.

Jumapili iliyofuata akamsimamisha yuleyule golini. Watu wakaja juu: kwa nini? Baba hakueleza. Basi wakasema kapteni naye amekula, wamegawana. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye ukimwita mwongo mnakunjana mashati, akayasikia hayo mbele ya watoto wake na akaweka mikono nyuma.

Kipa akamsogelea, macho chini. "Asante, baba."

"Baba yako nani?" Alisema kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Hata kuku mmoja hujaniletea. Nenda kadake mpira."