Moto wa Mawese na Mikono Yangu

Jina langu ni Zuhura, mke wa Ramadhani fundi mitumbwi. Mikono hii mnayoitazama kwa kuibiaibia, itazameni wazi, sioni haya. Iliungua hapahapa Rumonge zamani za Wadachi, na leo inasonga ugali bila kusaidiwa na mtu. Nawasimulia kwa sababu ndani ya nyumba hii kuna mgonjwa aliyeungua anayekataa kuguswa vidole, na mama yake anamwonea huruma. Huruma hiyo itamlemaza.

Kabla ya moto nilikuwa mkamuaji wa mawese. Ngazi za michikichi, yaani mikungu ya matunda yake, zilitoka kijiji cha Kizuka vichwani mwa watu, nasi wanawake tulizichemsha, tukazitwanga, tukazikamua, kisha tukayarudisha mafuta motoni ili maji yakauke. Kazi hiyo tuliifanya ufukweni kwenye vibanda vya nyasi, karibu na mahali mitumbwi inapopakia. Nilikuwa na nguvu, tena nilikuwa na mdomo. Mwenzangu akichelewa kuleta kuni nilimsema mpaka ajute kuamka. Nyumbani nilimwacha mwanangu Hadija, aliyekuwa bado anatambaa, pamoja na mama mkwe wangu, Bi Mwamini. Nyonga ya Bi Mwamini ilikuwa mbovu, hawezi kuinuka mpaka ashikwe. Tulipendana kwa kugombana. Alisema ugali wangu una madonge, nami nilimjibu kwamba meno hana, hayo madonge anayajuaje.

Siku hiyo upepo wa ziwani ulianza mapema. Mume wangu alikuwa amekwenda Muhuta kuziba mtumbwi wa mtu. Mchangani walikuwa wamejilaza wapagazi watatu kutoka milimani, wanangoja chombo cha kuwapeleka Ujiji. Walikuwa watu wa ng'ombe na siagi. Mawese yakichemka hawajapata kuyaona maishani mwao.

Basi chungu cha Bi Zaina, mwenzangu wa kibanda cha pili, kikapasuka. Mafuta yakaingia motoni, mwali ukapanda. Bi Zaina akapiga induru, ule ukelele wa hatari, na huku kwetu anayesikia induru hukimbilia, awe mwenyeji awe mgeni. Asiyekwenda hana uso tena mbele ya watu. Sisi tukakimbilia mchanga, maana moto wa mafuta dawa yake ni mchanga. Wale wapagazi nao wakaitikia, kama watu waliolelewa vizuri. Wakaenda mbio ziwani, wakarudi na vyungu vya maji.

"Musimwage maji!" nilipiga kelele. "Mutie mchanga! Mchanga!"

Hawakunisikia, au hawakunielewa. Usilolijua ni usiku wa kiza. Wakayamwaga yote kwa pamoja. Mafuta yakaruka juu yakiwaka, yakawarudia wao kifuani na mapajani, na paa la kibanda likashika. Upepo ukazoa nyasi zinazowaka ukazipeleka kwenye nyumba za watu.

Wenzangu wakatawanyika, kila mmoja na kwake. Nami nilikimbia. Nyumba yetu ilikuwa nyuma kabisa, na moto ulikuwa bado kwenye nyumba za mbele, upande wa pili. Nilikuwa nimeshakipita kibanda cha mwisho niliposikia sauti nyuma yangu.

"Mama, iko inaniwaka! Mama we!"

Nikageuka. Wale watatu wanagaagaa palepale, na hatua chache kutoka kwao imepangwa mitungi ya mafuta iliyokuwa inangoja kupakiwa, moto unatambaa kuifuata. Hapakuwa na mtu mwingine pwani nzima. Niliogopa, nawaambia kweli. Nikasema moyoni: Bi Mwamini ana majirani, hawa hawana mtu. Tena wamekuja kwa induru yetu. Nikarudi.

Wa kwanza nilimmwagia mchanga nikamshika mikono nimvute. Ngozi ikabambuka, ikabaki viganjani mwangu kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Nikamshika makwapa badala yake. Wa pili alijikokota huku namsukuma. Wa tatu, yule aliyeniita, alikuwa amejifunga shuka la amerikani, limelowa mafuta, linawaka mwilini mwake. Mchanga haukutosha. Nililishika kwa mikono yote miwili nikalibandua. Mawese yanayowaka hunata. Yalininata vidoleni yakaendelea kuwaka wakati namburuta mpaka kwenye mchanga wenye maji, ndipo nikaizika mikono humo. Maumivu sikuyasikia. Nilinusa harufu ya nyama, nikadhani ni yao.

Mitungi ikashika nyuma yetu kwa kishindo. Nikakimbia nyumbani, njia imefungwa na moto. Nikaingia ziwani, maji yakanifika kifuani, nikawa nayazunguka matete huku namwita Hadija, kana kwamba mtoto anayetambaa ataniitikia. Nilipotokea upande wa pili nilimwona jirani yetu Nahimana, mke wa mkulima mmoja, amembeba mwanangu mgongoni. Mtoto hana hata alama. Analia njaa tu.

"Na mama?" nikauliza.

Nahimana alikaa chini kabla ya kunijibu. "Alitoboa ukuta wa matete akanipitishia mutoto. Nikamwambia, ngoja niite watu tukutoe. Akasema, 'Peleka mutoto kwanza. Mimi namungoja Zuhura. Iko karibu, atakuja tu.' Niliporudi, paa iko chini."

Mume wangu aliuona moshi akiwa ziwani, akapiga kasia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alipofika, Nahimana akamweleza maneno yaleyale, bila kupunguza. Ramadhani akanigeukia.

"Ulikuwa wapi, Mama Hadija?"

"Nilikuwa nawatoa wageni walioungua."

"Wageni gani?"

Mtu mmoja akanitangulia kujibu. "Wale wale waliomwaga maji."

Kesho yake tulimzika mama yake, na mimi mkwewe sikuweza hata kushika kata ya maji ya kumwoshea. Niliketi kando ya wanawake waliokuwa wakimwosha, nimenyoosha mikono mbele kama mtu anayeomba.

Ugonjwa ulianza hapo. Mikono ilivimba mpaka vidole havikujulikana. Malengelenge yalipasuka yakatoa maji ya manjano, kisha usaha, kisha harufu iliyowafukuza wageni mlangoni. Homa ikanishika. Nilitetemeka mchana juani. Majirani walinipaka asali, wakanipaka majivu, mmoja akanipaka mavi ya mbuzi, Mungu amsamehe. Wapagazi wawili walikufa siku zile, wote kwenye baraza ya msikiti walipolazwa. Yule wa tatu alibaki anapumua. Nilisikia wanawake uani wakisema, bila kushusha sauti, kwamba damu ni nzito kuliko maji na kwamba mimi nilikuwa nimesahau. Sikuwa na nguvu ya kuwajibu, na mdomo wangu mnaujua.

Wakati huo daktari Mdachi alikuwa akipita pwani kuwapapasa watu shingo kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Mume wangu akanipeleka kwake. Daktari alitazama, akaguna, akanusa. Askari wake akatufasiria.

"Bwana dakitari anasema mukono hatakata. Lakini vidole bitashikana, bitakuwa kama kwato. Kila siku mubitenganishe, mubinyooshe. Akilia, alie."

"Nani amnyooshee?" Ramadhani akauliza.

Askari akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji ya ziwa yako wapi. "Wewe ni nani yake?"

Tukapewa vitambaa na unga wa manjano unaonuka vibaya, tukarudi.

Sasa nisikilizeni. Mwanamume aliyempoteza mama yake kwa sababu mimi sikumfikia ndiye aliyekabidhiwa vidole vyangu. Kila asubuhi aliloweka vitambaa kwa maji ya vuguvugu, akavibandua, akashika kidole kimoja kimoja na kukinyoosha mpaka ile ngozi changa ikachanika na damu ikatoka. Nilipiga mayowe. Nilimuuma bega. Nilimwomba aniache nilemae. Yeye alishika kidole kinachofuata. Alichonga vijiti vya mti laini, akavilainisha kama anavyolainisha ubao wa mtumbwi, akavipaka mawese na kuvipachika katikati ya vidole visishikane. Na kwa kuwa sikuweza kushika chochote, alinilisha. Alikata tonge, akachovya kwenye mchuzi wa samaki wa mukeke, akatoa miiba, akaniwekea mdomoni. Alinipeleka hata msalani. Na maneno yake yote kwangu yalikuwa "inua", "geuza", "fungua".

Niliogopa mikono yake kuliko moto. Kila aliposhika kidole nilijiuliza kama leo ndiyo siku atakayokivunja. Nilikesha nikitamani anitukane, anipige, anipe talaka, alimradi nijue niko wapi.

Yule mpagazi wa tatu akapata nafuu. Akaja kwetu akijikongoja na fimbo, akapiga magoti mlangoni, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimu watu wa milimani.

"Murakoze, mama. Murakoze cane, asante sana. Mimi iko hai kwa sababu yako." Kisha akamgeukia mume wangu. "Baba, maji tulimwaga sisi. Hatukujua. Nilisikia mama yako amekufa."

Ramadhani alisimama, akampita bila kumgusa, akaenda kwenye mitumbwi yake. Mpagazi akalia palepale kizingitini, na mimi sikuwa na mkono wa kumfuta machozi wala wa kufuta yangu.

Kesho yake Ramadhani aliniletea chakula kama kawaida. Alikata tonge, akalishika hewani, hakulileta mdomoni.

"Zuhura," akasema. Hakuwa amelitaja jina langu tangu siku ya maziko. "Ungeendelea kukimbia siku ile, ungemfikia mama?"

Nilikuwa na majibu tele. Ningeweza kusema Mungu ndiye ajuaye, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini njia ile nilikuwa nimeipita kichwani kila siku, kibanda kwa kibanda, na nilijua.

"Ningemfikia," nikasema. "Njia ilikuwa wazi."

Alinitazama machoni, mara ya kwanza tangu moto, nami nikamtazama. Machozi yakamtoka yakashuka kwenye ndevu, hakuyafuta. Nilingoja anyanyuke aondoke kabisa. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba akienda nisimwite.

Akaniwekea tonge mdomoni.

"Tafuna," akasema. "Bado vidole vya mkono wa kushoto."

Siku hiyo nililia aliponinyoosha, naye akalia, tukalia pamoja mpaka Hadija akatushangaa. Mpagazi alikaa kwetu mpaka akaweza kupanda mlima kwenda kwao, na Ramadhani ndiye aliyemchongea fimbo nzuri zaidi. Bi Mwamini hakurudi. Kuna siku mume wangu husikia harufu ya mawese yakiungua, akatoka nyumbani akatembea peke yake, nami humwacha atembee.

Namshukuru Mungu kwa vidole hivi kumi, ingawa viwili havikunjiki vizuri. Namshukuru Nahimana. Moto wa mafuta muuzime kwa mchanga, na muwafundishe wageni kabla induru haijapigwa. Kama mtajikuta pale nilipokuwa, katikati ya wa kwenu na wa wenzenu, siwezi kuwaambia mwende wapi. Nawaambia tu kwamba baadaye mkiulizwa mseme kweli, hata kama anayeuliza ndiye anayewalisha.

Na wewe mama wa mgonjwa, niletee maji ya vuguvugu. Mshike bega, atakuuma. Muache akuume.