Barafu ya Mtu

Nakumbuka jua la Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, mwanangu, siku ile lori la barafu lilipochelewa. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa msichana aliyeanza kujiona. Mama yangu alinunua kwa wavuvi samaki waitwao ngege, akawakausha kwa moshi, akawapeleka soko la Sondu. Samaki wa moshi hana haraka. Bei ikiwa mbaya unarudi naye nyumbani.

Kisha akaja tajiri mmoja kutoka mjini na lori lenye masanduku ya barafu. Alitaka samaki wabichi tu. Hakuna kuni tena, hakuna macho kuwasha. Akina mama wakashangilia, wakabomoa majiko yao ya kukaushia. Mama yangu naye alimuuzia kidogo, lakini jiko letu hakuligusa. Nilimwona mshamba, na nikamwambia. "Chema chajiuza, nyathina, mtoto wangu," akanijibu. "Huyu mbona anatutembelea sana?"

Siku hiyo, basi, samaki walijaa ufukweni tangu asubuhi na lori halikuonekana. Inzi ndio walioonekana. Kufikia mchana mama aliwasha moto wake, akapanga samaki wake jikoni. Tajiri alipofika jioni, alimwinua samaki mmoja, akamnusa, akataja bei ya kutupa.

"Mkikataa, mimi naenda. Hii samaki itangoja nani?"

Wanawake wakauza, wengine wakilia. Nilimchukia mtu yule. Mama alimwuliza kwa upole, "Bwana, ulikuwa wapi?"

Akasema mashine ya barafu imeharibika, na fundi anayeijua ni wa Ulaya, chuma chake pia cha Ulaya. Leo wameifunga kwa waya tu ndipo ikazunguka. Sikumwamini, na hata sasa simwamini sana, maana mfanyabiashara hakosi sababu. Lakini mama alimtazama kwa huruma.

"Kumbe na wewe unangoja mtu," akasema.

Mwanangu, nchi nazo huishi vivyo hivyo. Wewe unavua, unalima pamba, unatoa jasho. Aliyeunda mashine amekaa mbali, na bei inamsikiliza yeye. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, nao hawakuwa wamewahi kuona barafu.

Sikuambii uikatae mashine. Moshi ule ulimla mama macho, akafa haoni, na hilo bado linaniuma. Ila anayekuletea chombo akikuchekea, mwombe akifungue uone ndani. Akikataa, nunua ukijua umenunua nusu. Na cha kwako usikibomoe kabla hujajua kukiunda hicho kipya.

Soma, mwanangu. Nenda hata huko wanakoziunda mashine, uwatazame mikono, si midomo. Mungu akutangulie, akushibishe ugenini, na akurudishe kwetu ukiwa fundi, si mteja.